Nukta ya Mama Tsvetana

Radostina alikuwa ameandika programu ya kuchuja majina ya mafaili, ya kuandikiwa amri bila kubofya popote, na watu wa Plovdiv walianza kuipenda. Lilibaki jambo moja: mtu alielezeje jina analolitafuta? Mwenzake Ognyan alitaka zile alama za wataalamu, ambamo nukta husimama badala ya herufi yoyote. Radostina alitaka alama ya nyota tu: nyota iwe chochote, mengine yabaki yalivyo.

"Nyota za watoto hizo," Ognyan alimtania.

"Haya, twende tukamuulize anayeitumia."

Asubuhi hiyo wakapanda kilima hadi hifadhi ya picha za kale, kwa mtunzaji wake, Mama Tsvetana, aliyekuwa akijaribu toleo la Ognyan tangu Jumatatu. Hata salamu hazijaisha, akawakazia macho juu ya miwani.

"Nani kati yenu kaandika hiki kituko?"

"Mimi, mama," Ognyan akajibu, kifua mbele.

"Basi kaa hapa. Nimeomba 1.24, sanduku la kwanza, bahasha ya ishirini na nne. Ona nilivyoletewa!"

Kioo cha kompyuta kilijaa picha za mwaka 1924: maharusi, wanajeshi, mbuzi kwenye ngazi za kanisa.

"Hapo nukta ni alama yoyote, mama, hata tarakimu, ndiyo maana imekubali ile 9 ya 1924. Ungeitanguliza kwa kile kimstari kilicholalia nyuma, ingehesabiwa nukta tu..."

"Nukta ni nukta, mwanangu! Nimeziandika kwenye bahasha hizi miaka thelathini. Wewe umezijua lini?"

Radostina akauma mdomo. Ognyan akatazama kioo, akamtazama mama, kisha akaangua kicheko mwenyewe, na mabishano ya wiki nzima yakaishia hapo. Wakaketi palepale wakaibadilisha: nyota iwe kawaida, na anayetaka alama za wataalamu aongeze neno moja kwenye amri.

Mama Tsvetana akaandika 1.24 na nyota mwishoni. Zikaja picha sita tu, na mojawapo ni ya harusi.

"Ehe! Sasa mnaongea Kibulgaria."

Akainua simu, akampigia mjane mmoja wa Asenovgrad aliyekuwa akiisubiri picha ya harusi ya wazazi wake. Kutoka upande wa pili vijana wale wawili wakasikia sauti ya kizee ikiuliza, mara tatu, kama kweli mama yake alikuwa amevaa maua kichwani.

"Amevaa," Mama Tsvetana akasema. "Na anacheka."