Nyota Zilizotulia

Siku daktari alipotuambia dawa zimefika mwisho ndiyo siku binti yangu alipojua kwamba asteroidi yake inapotea. Habari ya kwanza aliipokea kimya. Ya pili ndiyo iliyomliza.

Asteroidi ni jiwe linalolizunguka jua, kama dunia inavyolizunguka. Hili lake lilikuwa dogo, la ukubwa wa basi, na njia yake inapita karibu na yetu. Yeye ndiye aliyeliona kwanza, kwa darubini aliyoiunganisha na kompyuta juu ya paa letu la zege. Aliwatumia vipimo vyake wale wanaotunza kumbukumbu za mawe hayo, wakamjibu: vizuri, lakini havitoshi, leta vingine. Kabla hajaleta, akalazwa.

Mimi ni mpima ardhi, nina stashahada yangu, sikuhitaji kuchorewa. Vigingi vilivyobanana kwenye kona moja havikuambii shamba linaishia wapi. Bila vipimo vipya, njia ya lile jiwe ingebaki ya kukisia, nalo lilikuwa linakwenda zake, likififia kila siku. Likirudi baada ya miaka, hakuna ambaye angejua pa kulitafuta.

"Mimi nakwenda, mama, sawa," aliniambia wodini. "Lakini lenyewe lisipotee."

"Nani kakwambia unakwenda?"

"Mama, wewe na kudanganya wapi na wapi?"

Nikamvutia shuka mabegani. Ofisini wananiita Pilipili, na si kwa sababu ya mapishi.

Mimi nilikuwa nalala naye hospitali. Nyumbani alibaki baba yake, fundi magari, mtaa mzima unamwita Spana. Binti akampigia simu, akamwelekeza namna ya kulipiga jiwe picha usiku huo: toa turubai juu ya darubini, washa mota inayoizungusha, bonyeza hapa, kaa chini, usiguse kitu.

"Mama, mimi nimefumua injini za malori," alijibu. Huwa anamwita binti yake mama. "Kidubwana hiki ndicho kitanishinda?"

"Ndiyo maana nakwambia usiguse, baba."

Anga lilikuwa safi. Utabiri ulisema mawingu yako njiani, na yakija yatakaa.

Asubuhi Spana aliingia wodini na ovaroli, macho mekundu, kaikumbatia kompyuta kama kichanga. Nesi akamwambia si saa ya kuona wagonjwa. "Dada yangu, hata mimi ni mgonjwa wa usingizi, tuhurumiane," akasema, akapita.

"Mama, bila baba fundi ungeumbuka!" Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Mota yako mbovu. Picha ya kwanza imetoka, nyota zote zimevutika kama mistari ya mvua. Nikasema aa, hii haiendi sawa na nyota. Nikahangaika na ile kasi mpaka zikatulia. Hebu tazama! Moja moja, kama punje za mchele."

Nilielewa kabla hajamaliza. Mota haikuwa mbovu. Binti aliipanga ifuate jiwe, isifuate nyota. Jiwe likifuatwa, mwanga wake kidogo hujikusanya mahali pamoja mpaka doa lionekane, na nyota ndizo zinazovutika. Ukizituliza nyota, jiwe ndilo linalotawanyika, na lile lilikuwa limefifia mno, likitawanyika halionekani kabisa. Mume wangu alikuwa ametengeneza kitu kilichokuwa kizima.

"Na ile picha ya kwanza, baba?"

"Nimeifuta. Isije ikakuaibisha kwa wenzako."

Nikafungua mdomo. Binti akanibana kidole, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Akazipitia picha zote polepole, akisogeza uso karibu na kioo. Akarudi mwanzo, akazipitia tena.

"Nzuri sana, baba."

"Sasa liko wapi jiwe lenyewe?"

Kidole chake kikazunguka juu ya kioo. Kisha akagusa nyota moja, karibu na pembe ya picha. "Hili hapa."

"Hili? Dogo hivi, na limenikeshesha!" Spana akacheka huku akijifuta machozi kwa mkono wenye grisi. Akaenda kazini akipiga mluzi.

"Usiku huu napanda mwenyewe," nikasema.

"Mawingu, mama."

"Basi kesho."

Aligeukia ukutani akalia bila sauti, nami nikamsugua mgongo, mifupa mitupu. Baadaye akasema, "Usimwambie."

"Ataubeba uongo maisha yake yote."

"Amekesha kwa ajili yangu. Mwachie usiku wake."

Mawingu yalikaa. Tulimzika binti chini ya mawingu hayo. Yalipoondoka nilipanda paani, nikapanga kila kitu kama alivyoelekeza, nikafuata mahali jiwe lilipopaswa kuwa. Nyota zilitoka mistari mitupu, ndivyo inavyotakiwa. Katikati hapakuwa na kitu.

Spana ameichapisha picha studio, kubwa, ina fremu, iko sebuleni. Kila mgeni hupelekwa mbele yake kabla hajakaa. Juzi alikuja dada yake, shangazi wa marehemu, akauliza jiwe hilo linatofautianaje na nyota nyingine, mbona zote zimefanana.

"Muulize mke wangu, vipimo ndiyo kazi yake."

Wote wawili wakanigeukia. Nikaitazama ile nyota ya pembeni.

"Hilo linakwenda," nikasema. "Nyingine zimekaa."

Shangazi akavaa miwani, akasogea, akatazama sana. Akasema kweli, hata yeye analiona.