Bakuli la Wifi Somoe

Tawi la timu ya Nyota pale Buguruni lilikuwa na mwiko mmoja, na kila aliyepanda basi la ugenini alikuwa ameukubali: chakula cha wenyeji hakiliwi wala maji yao hayanywewi mpaka filimbi ya mwisho ilie. Mwiko ulianzia Morogoro. Mwaka huo mashabiki walikula mihogo ya kukaanga nje ya uwanja, kumi na wawili wakashikwa na matumbo, na timu ikapigwa manne. Tangu hapo tawi likawa linasafiri na sufuria zake.

Mpishi wa sufuria hizo alikuwa Bi Hamisa, mjane wa marehemu Badru aliyekuwa mwenyekiti wa tawi. Alipomaliza eda, mwenyekiti mpya, Jamali, muuza mitumba pale sokoni, alikwenda kumwomba awapikie watu wa safari. Hamisa alikubali, lakini yeye mwenyewe alikuwa hasafiri. Alipika usiku, akakabidhi sufuria alfajiri, akarudi kwenye msala wake. Kwa hiyo tawi zima lilishangaa aliposema kwamba safari ya Tanga naye atapanda, pamoja na mdogo wake Mwinshehe, mpiga ngoma wa tawi.

"Bi Hamisa leo kaingiwa na mpira," Jamali alisema.

"Mpira wenu nauonea wapi. Mie nakwenda kwa wifi yangu."

Wifi huyo ni Somoe, dada wa Badru tumbo moja, aliyeolewa Tanga. Miaka miwili walikuwa hawasemezani, na kisa chake ni hiki. Badru alikata roho Jumamosi asubuhi. Wazee wakaamua azikwe baada ya alasiri, kwa sababu maiti haiwekwi. Mwinshehe akapewa anwani ya Tanga kwenye karatasi, akimbie Posta akapeleke telegramu. Yeye akaona apitie tawini kwanza, maana marehemu alikuwa mwenyekiti wao, na pale tawini watu wakamzunguka kwa vilio, huyu anauliza kaburi linachimbwa wapi, huyu anataka bendera ishushwe. Alipofika Posta ilikuwa imeshafungwa. Telegramu ikaenda Jumatatu.

Somoe aliingia Buguruni Jumatano, khitma imeshasomwa, udongo wa kaburi umeshakauka. Alisimama mlangoni, begi lingali mkononi, akamwambia Hamisa, "Mmenizikia kaka yangu kama mtu asiye na kwao." Akageuka akarudi Tanga siku hiyohiyo. Hata maji hakunywa.

Hamisa hakumwambia kosa lilikuwa la nani. Aliandika barua mbili, zote hazikujibiwa. Safari hii alimpa salamu utingo wa mabasi ya Tanga: mwambie Jumamosi nakuja na watu wa mpira, akinifungulia mlango nitashukuru. Salamu zilifika. Majibu hayakuja.

Basi lilikuwa la mtu binafsi. Miaka hiyo ya ruksa, biashara imeachiwa huru, mabasi yalikuwa yameanza kuwa mengi, na la safari hii lilikuwa na viti vizuri isipokuwa kioo kimoja kilichozibwa kwa boksi. Waliondoka baada ya sala ya alfajiri. Kabla dereva hajatia moto, Jamali alisimama kati ya viti, wakasoma Fatiha, wasiokuwa Waislamu wakainamisha vichwa, kisha akauliza kama kawaida yake:

"Mwiko tunao?"

"Tunao."

"Atakayeuvunja?"

"Hasafiri tena."

Hamisa naye aliitika. Alikuwa na tasbihi mkononi, na akilini mwake alikuwa yupo mlangoni kwa Somoe, lakini mdomo wake uliitika na aliusikia.

Mabishano yalianza walipovuka daraja la Wami. Theonest, seremala wa Kihaya mwenye kicheko kikubwa, alitaka kununua maembe ya watoto wa barabarani.

"Weka pesa yako mfukoni," Jamali alisema. "Tanga hiyo."

"Tanga gani, mwenyekiti? Hapa ni Pwani. Tumesoma jografia."

"Nyie mlisoma ya Bukoba. Kwa tawi hili, Tanga inaanzia Wami."

"Basi na Dar inaishia Ubungo, tungeanza kufunga tokea pale."

Watu wakacheka, Theonest akarudisha pesa. Lakini walipofika Muheza, machungwa yamemwagwa kando ya barabara kama kokoto, na basi likasimama dereva atazame tairi, Hamisa alimwona seremala akinyoosha mkono dirishani, akaurudisha na chungwa moja, akaliingiza chini ya fulana. Hamisa akatazama mbele. Hakuwa mtu wa kusema alichokiona kabla hajaulizwa.

Tanga waliingia saa saba kasoro. Wakashusha sufuria kwenye kivuli cha ukuta wa uwanja, Hamisa akapakua pilau kwa kila mtu na maji ya Buguruni kwenye madumu. Yeye alitia vijiko viwili mdomoni akaiweka sahani. Akamwendea Jamali kuaga.

"Nenda kasalimie," Jamali alisema. "Wewe sina wasiwasi nawe. Wewe ndiye mwiko wenyewe."

Maneno hayo yalimwelemea njia nzima. Walikwenda kwa miguu, yeye na Mwinshehe, mpaka Ngamiani, wakahesabu barabara hadi ya kumi na mbili. Mlango wa Somoe ulikuwa wazi.

Somoe alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, amejifunga kanga mbili safi, mikono mapajani. Alikuwa amekonda. Ile sura ya Badru ilikuwa imemjia zaidi usoni, na Hamisa alilazimika kuangalia chini kidogo.

"Shikamoo wifi," alisema, kwa kuwa Somoe alimzidi umri.

"Marahaba. Mmeshasali adhuhuri?"

"Bado."

"Maji ya kutawadha yale pale."

Wakasali. Walipomaliza, Somoe alikuwa ameshatandika mkeka wa pili na kuleta sinia lililofunikwa kwa kawa. Akalifunua. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi, na bilauri za maji ya ndimu. Wali ulikuwa unatoa mvuke bado. Mtu huyu alikuwa amepima saa ya basi kuingia, akapika kwa kukisia. Halafu akakaa anasubiri, kama alivyosubiriwa yeye siku ile mlangoni Buguruni akakataa maji.

Mwinshehe akamsogelea dada yake, akanong'ona, "Dada, mwiko. Sema umefunga."

"Sijafunga."

"Basi sema tumbo linakusumbua."

"Halinisumbui."

Hamisa alilitazama lile sinia. Ahadi aliitoa kwa mdomo wake, juu ya Fatiha, na yeye hakuwa mtu wa kuchezea Fatiha. Lakini alijua vilevile, tangu chuoni alikofundishwa akiwa mtoto, kwamba ahadi ya kukata undugu haishikwi, na aliyeapa akavunja ana kafara yake: kulisha maskini kumi, na asiyeweza, kufunga siku tatu. Maskini kumi angeweza kuwapikia. Kurudi Dar akiwa ameacha sinia hili mkekani, hilo hakulionea kafara.

"Nawa mikono," alimwambia mdogo wake.

Akanawa na yeye, akasema bismillahi, akala. Somoe alimtazama mpaka tonge la tatu, ndipo naye akaanza. Wakala hivyo muda, kijiko cha mchuzi kikienda na kurudi.

"Telegramu niliipata Jumatatu jioni," Somoe alisema. "Ilipelekwa lini?"

"Jumatatu."

"Na kafa lini?"

"Jumamosi. Asubuhi."

"Siku mbili ulikuwa wapi, Hamisa?"

Hamisa aliweka tonge chini. Mwinshehe ndiye aliyesema, macho yakiwa kwenye mkeka.

"Ilikuwa kazi yangu, Bi Somoe. Walinituma mie. Nikapitia tawini kwanza kuwapa habari. Nilipofika Posta wamefunga."

"Kwa ajili ya mpira."

"Kwa ajili ya mpira."

Kuku alipita uani akidonoa punje za wali. Somoe akamfukuza kwa mkono, akamgeukia Hamisa.

"Nawe miaka miwili umekaa nalo."

"Ni mdogo wangu."

"Na mie ni nani?"

Somoe akachukua kipande cha samaki cha mgongoni, kile kinono, akakiweka upande wa Hamisa, akamwongeza na wali juu yake.

"Kula, unapoa. Na wewe mpiga ngoma, kula. Au umeambiwa huku Tanga tunatia sumu?"

Mwinshehe akatia mkono kwenye sinia haraka, akala kama mtu aliyefunga mwezi mzima.

Muda ukawa umekwenda. Wakati wa kuaga, Somoe aliingia ndani akatoka na bakuli kubwa la bati lenye maua mekundu, ndani yake mkate wa kumimina mzima, umefungwa kwa kitambaa. Hamisa alilijua lile bakuli. Lilikuwa la mama yao Somoe na Badru; marehemu alikuwa anapenda kulisimulia.

"Wifi, bakuli hili nitalirudishaje? Nikimpa utingo litabanduka maua."

"Usimpe mtu. Nitalifuata mwenyewe," Somoe alisema. "Halafu utanipeleka makaburini."

Mechi ilianza saa kumi. Nyota walipata bao la mapema, Mwinshehe akaipiga ngoma mpaka ngozi ikalegea, Jamali akavua fulana yake ya mitumba akaizungusha. Kipindi cha pili wenyeji wakarudisha. Zikiwa zimebaki dakika mbili kipa wa Nyota akautokea mpira, akateleza, ukampita kwapani ukaingia taratibu, kila mtu anauona. Mbili kwa moja.

Ndani ya basi, wakirudi, maganda ya chungwa yakaonekana chini ya kiti cha Theonest. Jamali aliyaokota moja moja.

"Haya ya nani?"

"Yangu," Theonest alisema. "Ni chungwa moja tu, mwenyekiti. Na lilikuwa chachu."

"Chungwa moja. Kipa ameteleza mara ngapi? Mara moja."

"Sasa nikila mawili angeteleza mara mbili?"

Safari hii hawakucheka. Mtu wa nyuma akasema ashushwe hapohapo apande basi la abiria, mwingine akasema jina lake lifutwe kwenye daftari la tawi. Theonest alikuwa na watu watano nyumbani na raha yake duniani ilikuwa hii moja, na sasa kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Hamisa aliyaona hayo yote kutoka kiti cha mbele. Akasimama, akashika chuma cha kiti.

"Muacheni Theonest. Yeye kala chungwa. Mie nimekula wali wa sinia, na samaki wa kupaka, na nikaongezewa."

Jamali akabaki na maganda mkononi.

"Bi Hamisa. Wewe?"

"Mie. Kwa wifi yangu, akili zangu timamu. Niliahidi nikavunja, kafara nitatoa, na nyie naomba mniwie radhi. Lakini ningepakuliwa tena ningekula tena."

"Na mie nilikula," Mwinshehe akasema kutoka nyuma ya ngoma yake.

Jamali alikaa. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na sheria aliyoitangaza alfajiri alikuwa hawezi kuimeza jioni. Alifikiri mpaka basi likatoka mjini.

"Sufuria za tawi utazikabidhi," alisema mwishowe.

"Nitazikabidhi zimesuguliwa."

"Na ugenini hupandi tena."

"Huko nilikuwa siendi tena," Hamisa alisema. "Nilikuwa na safari moja tu."

Theonest alisimama, akamwachia Hamisa kiti chake cha dirishani, akaenda kukaa juu ya dumu. Hakuna aliyemgusia tena habari ya kushuka, wala aliyemuuliza Mwinshehe habari ya wali.

Walisimama Muheza kusali magharibi. Waliporudi ndani njaa ilikuwa imeshawashika, pilau limekwisha tangu mchana. Hamisa akatoa bakuli chini ya kiti, akafungua kitambaa. Harufu ya iliki ikalijaza basi lote.

"Filimbi imeshalia," alisema. "Anayetaka anyooshe mkono."

Mikono ikaja kwanza ya nyuma, halafu ya kati. Alikata vipande vidogo ili vifike kwa wote. Mmoja akauliza kama Tanga yote wanapika hivi, Theonest akamjibu, "Ndiyo maana wametufunga." Hapo wakacheka. Jamali alikuwa wa mwisho. Alichukua kipande chake akakila huku ametazama barabara, kisha akakusanya na makombo kwa kidole, akamrudishia bakuli.

"Hili wala usihangaike nalo," alisema. "Kesho nitamtafuta utingo wa Tanga alirudishe."

"Hapana," Hamisa alisema. "Mwenyewe analifuata."

Akalisuuza kwa maji yaliyobaki kwenye dumu la Buguruni, akalifuta kwa upindo wa kanga, maua yakatokea vizuri. Akaliweka mapajani. Na alipokuwa anavuta tasbihi, alianza kupanga moyoni: chumba cha uani kipakwe chokaa, godoro lianikwe, na lile kaburi apeleke mtu wa kung'oa majani kabla wifi yake hajafika.