Diski Iliyokuwa Ikihamahama

Tulu-lulu. Gizani, kabla jogoo hajajikohoza, kasauti ka kompyuta kalisikika sebuleni, kale kanakotoka kitu kinapochomekwa. Binti yangu alikuwa amenilalia mkono, nao umekufa ganzi. Nikadhani naota. Kazi ikikukaa sana kichwani, hata usingizini hupiga hodi.

Na hii ilikuwa imenikaa kweli. Mpiga picha mmoja, mwenye studio jirani na darasa letu la kompyuta la jioni, alikuwa amenipa video ya harusi niihariri kwa majaribio. Akiipenda, atakuwa ananipa kazi za kufanyia nyumbani, nisimwache mtoto tangu asubuhi hadi taa ziwashwe. Asipoipenda, narudi dukani kuuza viatu, na binti yangu anarudi kuniuliza kila asubuhi kama na leo pia naenda. Siku hiyo ndiyo alikuwa anakuja kuitazama.

Tatizo lilikuwa diski ya nje. Harusi nzima ilikaa humo, na kompyuta iliitambua kwa herufi E. Kila usiku niliichomoa nikaiweka juu ya kabati, mbali na vidole vya mtoto. Kompyuta yenyewe niliiacha inawaka, nimeifunika kitambaa, maana ukiizima hugoma kuamka. Sasa, kuna asubuhi nachomeka diski, mambo shwari. Kuna asubuhi nyingine nachomeka, inaitwa F, na programu ya kuhariri, inayoitafuta E kama ilivyozoea, inanijazia skrini wekundu: faili halipo, faili halipo. Bibi harusi hayupo, bwana harusi hayupo, hata keki haipo.

Shemeji yangu, ambaye ni fundi wa kila kitu mpaka umpe bisibisi, alisema ni kirusi. Mama mkwe alisema ningenunua yenye akili timamu. Mimi nikairudisha E kwa mkono, kama tulivyofundishwa, nikajipigia makofi. Haikupita muda ikahama tena. Mpangaji gani huyu asiyetulia chumbani kwake?

Asubuhi hiyo nikamnywesha mtoto chai, nikachomeka. F. Wekundu mtupu. Na mgeni alikuwa ameshapiga simu kwamba yuko njiani.

Nikavuta pumzi. Mwalimu wetu wa jioni hupenda kusema kompyuta haina kisirani, ina sababu. Uliza kwanza ni nini kimebadilika. Nikafungua pale pa kupangia diski ili niirudishe E. Herufi kibao zilikuwemo kwenye orodha, E haikuwemo. Yaani imekaliwa. Na nani?

Nikaifungua hiyo E. Nyimbo. Nyimbo za zamani, moja baada ya nyingine, zile zile ambazo mama mkwe huziimba nusunusu akisuuza vyombo. Nikainua kitambaa, kilichokuwa bado kimening'inia upande wa nyuma. Nyuma ya kompyuta, redio ndogo ya mama mkwe, ya kadi ya nyimbo, ilikuwa imelala, imechomekwa, kijitaa chake chekundu kinapepesa taratibu kama macho ya mtu aliyeshiba. Soketi ya chumbani kwake ilikuwa imekufa, na mimi ndiye niliyesema, kwa adabu zote za mkwe, kwamba kompyuta isiguswe. Kwa hiyo alikuwa akija alfajiri, kimya kimya, kuichajia hapa. Kumbe kwa kompyuta redio ile nayo ni diski. Ikiwahi, inakaa E. Yangu ikija inakuta kiti kina mtu, inasogea. Siku ile nilipoirudisha E, bila shaka redio ilikuwa imeshachomolewa.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni, mikono imejaa povu. Aliitazama skrini iliyojaa nyimbo zake, akanitazama mimi. Alijifuta mikono kwenye nguo, akaja, akaushika ule waya.

"Kumbe ni mimi ninayekuharibia kazi, mwanangu. Nitakuwa naichajia kwa jirani."

Ningemwacha achomoe, E ingekuwa yangu papo hapo, na mgeni alikuwa karibu kuingia. Lakini alikuwa ameishika ile redio kama mtu aliyeambiwa ahame.

"Iache, mama. Diski yangu ndiyo iliyokaa kiti cha mlangoni, kila anayeingia anaisukuma. Ngoja niipeleke ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwenye W, kule mwishoni mwa herufi. Huko hafiki mtu."

Aliuachia waya. "Basi fanya upesi. Huyo mgeni wako mimi nitamkalisha. Hainuki mpaka nimalize habari za goti langu."

Nikaipa diski W. Nikaichomoa, nikaichomeka tena, redio ikiwa pale pale. W. Ikabaki kuielekeza programu kwamba harusi imehamia huku. Hodi ikabishwa. Nikasikia shikamoo, nikasikia marahaba, kisha goti likaanza kusimuliwa tangu lilipoanza kuuma. Nikaionyesha programu faili moja. Ikawaza. Halafu wekundu ukaanza kuondoka kipande kwa kipande: keki, mashangazi, bwana harusi akijifuta jasho. Bibi harusi alirudi wa mwisho, anacheka.

Mpiga picha alitazama mpaka mwisho, chai yake inapoa mkononi. Pale bibi harusi anapocheka alirudisha nyuma, akatazama tena. Akasema mkono wangu ni mzuri, ila mashangazi wamezidi, niwapunguze. Nikasema nitawapunguza. Mama mkwe akasema mashangazi huwa hawapunguziki. Jamaa akacheka, akainuka, akasema ana harusi nyingine mbili zinazosubiri mtu.

Mlangoni, akivaa viatu, akauliza kama ningependa niwe naenda studio kutwa, maana ipo meza, au aniletee hapa. Nikafungua kinywa. Binti yangu, aliyekuwa ameshikilia sketi yangu tangu mgeni afike, akanitangulia.

"Mama anafanya kazi hapa," alisema.