Namba Tasa Ukutani

Mwalimu wa hesabu alijitapa wiki nzima. Ukuta wa maktaba ya shule ulikuwa unapakwa rangi upya, na yeye ndiye aliyechagua kitu cha kuandikwa katikati: tarakimu ya moja, mara kumi na tisa mfululizo. Namba tasa hiyo, dubwana zima, haigawanyiki kwa chochote ila kwa moja na kwa yenyewe. Fundi wa kuiandika alikuwa kaka wa mkewe, mtu wa maneno mengi.

"Shemeji, tasa gani huyu mwenye watoto wamejipanga foleni?" fundi alitania akiwa juu ya ngazi.

"Wewe nakili nilichokuandikia, basi."

Jumatatu asubuhi shule nzima ilisimama mbele ya ukuta. Mwalimu akaeleza, akanogewa, akaeleza tena. Ndipo binti mmoja wa kidato cha tatu, mpole kupita kiasi, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Nimezihesabu, ziko kumi na nane. Ukizijumlisha unapata kumi na nane, kwa hiyo inagawanyika kwa tatu, na kwa tisa." Akasita. "Na ukizikata mbilimbili, kumi na moja nayo inaingia."

Kicheko kikapita kwenye mistari. Mwalimu akahesabu kwa macho, jasho likamtoka. Mkuu wa shule akakohoa. Basi mwalimu, bila hata kufikiri, akamgeukia shemeji yake aliyekuwa kando na ndoo zake.

"Kuhesabu mpaka kumi na tisa kumekushinda?" alifoka, mpaka wa nyuma wakasikia. "Kunakili tu! Mtu mzima na ndevu zako!"

Fundi alipeleka mkono mfukoni, akaurudisha. "Nisamehe, mwalimu," alisema. Mkuu wa shule akatangaza palepale kwamba madarasa kumi yaliyobaki kupakwa rangi yatatafutiwa fundi mwingine.

Saa nne mwalimu alimfuata fundi nyuma ya stoo. Alikwenda kumpoza, maskini, akijiona mtu wa huruma. Fundi alikuwa anasuuza brashi. Alifuta mikono, akatoa mfukoni karatasi yenye madoa ya rangi, akampa. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu mwenyewe. Alizipanga moja zake tatutatu ili asikosee, makundi sita. Ile ya mwisho, iliyobaki peke yake, hakuiandika.

Mwalimu akazihesabu mara mbili.

"Ulikuwa nayo mfukoni muda ule?"

"Nilikuwa nayo."

"Mbona hukuitoa?"

"Niitoe mbele ya watoto unaowafundisha hesabu?" Fundi alirudi kwenye brashi yake. "Halafu dada nikamwambie nini?"

"Na madarasa kumi?"

"Nitatafuta kwingine."

Mwalimu aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Na aibu kubwa zaidi ni kwamba, akiwa ameshika karatasi ile, aliwaza kuichana. Nani angejua? Fundi mwenyewe alikuwa ameshakubali kubeba lawama. Aliondoka bila hata kusema pole, karatasi ikalowa jasho kiganjani, na vipindi viwili vizima alifundisha bila kumtazama mwanafunzi yeyote usoni.

Mchana, kabla watoto hawajatawanyika, alimwomba mkuu dakika mbili mbele ya shule nzima.

"Fundi hakukosea," alisema. "Alinakili kama nilivyoandika, karatasi hii hapa. Kuhesabu kumenishinda mimi. Na nimemtukana mtu mbele yenu kwa kosa langu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mkuu akasema fundi arudi kazini, akaitwe.

Lakini nyuma ya stoo palikuwa patupu, na mlinzi wa getini akasema fundi aliondoka tangu saa tano, ngazi begani. Mwalimu alikuwa ameomba radhi kwa watu mia nne, na aliyetukanwa hakuwa miongoni mwao. Akatoka vilevile, chaki mikononi, akaelekea kwao fundi kwa miguu, na njia nzima hakupata neno la kuanzia.