Mtu Mmoja, Magauni Mawili

Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Basi siku ile mimi nilikuwa na kipara. Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi mwenyewe, na ujinga niliufanya nimesimama mbele ya watu, nikishangiliwa.

Tulikuwa tunajenga mfumo wa kompyuta wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, wa nchi nzima. Kabla ya hapo habari za wanachama zilikuwa zimelala kwenye majalada huko mikoani, kila ofisi na mwandiko wake, kila karani na kiburi chake. Kazi yetu ilikuwa kuzikusanya zote mahali pamoja, ili mfanyakazi akistaafu au akiugua atambulike pale pale dirishani, asiambiwe arudi wiki ijayo jalada linatafutwa. Chumba chetu kilikuwa ghala la zamani, ghorofa ya juu kabisa. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo, na zamu ya kumwaga ndoo ndiyo zamu pekee iliyoheshimiwa mle ndani.

Adui yetu alikuwa mwanachama hewa, yaani mtu aliyeandikishwa mara mbili akawa anahesabiwa wawili. Kumnasa si mchezo, kwa sababu watu wetu hawana jina moja. Mtu ana jina la nyumbani, ana la shule, ana la dini, na ana lile alilobandikwa na mtani wake likamganda mpaka uzeeni. Kazi hii anaandikishwa kwa hili, akihamia ile anaandikishwa kwa lile. Mimi ndiye niliyepewa kutunga kanuni ya kuwanasa, nikasema: jina la kwanza tuachane nalo. Tutazame jina la baba, jina la mama, tarehe na mahali pa kuzaliwa, mwanamume au mwanamke. Vikilingana vyote, huyo ni mtu mmoja, mfumo uwaunganishe na ile namba ya pili ifungwe.

"Na mapacha je?"

Aliyeuliza alikuwa Dada Mashaka. Kazi yake ilikuwa kuujaribu mfumo kabla haujatoka, na jina hilo tulimpa kwa sababu hata chai ukimpa anaikagua kwanza.

"Mapacha?" nikasema, nikasimama kabisa ili nisikike vizuri. "Dada yangu, mimi nimelelewa na mapacha. Shangazi zangu. Nakuapia wale si watu wawili. Ni mtu mmoja mwenye magauni mawili. Mfumo ukiwaunganisha utakuwa umerekebisha kosa la mkunga."

Chumba kikalipuka. Bwana Tarehe, mkuu wa mradi, alicheka mpaka akavua miwani ajifute machozi. Tulimwita hivyo kwa sababu mazungumzo yake yote, hata ya msibani, yaliishia kwenye tarehe ya uzinduzi. Mtu mmoja akapiga kengele ya baiskeli tuliyoifunga mezani, ile ya kushangilia kila tulipokamata kundi jipya la wanachama hewa. Dada Mashaka naye akatabasamu kwa adabu. Swali lake likafia pale pale, limekanyagwa na vicheko, na hakuna aliyelizika.

Kengele ile ililia sana wiki zilizofuata. Kanuni yangu ilikuwa inakamata kama wavu. Mfumo ulipounganishwa na hospitali hata kabla ya uzinduzi, nikatembea kifua mbele kama jogoo aliyedhani ndiye anayechomoza jua.

Halafu simu ikaita. Shangazi Mkubwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, na uiweke akiba. Mdogo wangu amerudishwa."

"Amerudishwa wapi?"

"Kwenye benchi. Mashine imemkataa."

Shangazi Mdogo figo zake zilikuwa zimegoma, na kila wiki ilibidi alazwe kando ya mashine ya kusafisha damu, kwa kadi ya Mfuko.

"Mashine ya figo imeharibika?"

"Ya figo haina matata, ni mpole. Hii ya dirishani. Ya kwenu."

Hawa ndio walionilea mama yangu alipofariki. Walifanya kazi kiwanda kimoja cha nguo, zamu moja, meza moja, wakastaafu pamoja. Shangazi Mkubwa alimtangulia mwenzake kwa muda wa mkunga kupangusa mikono, na ukubwa huo hakuusahau hata siku moja: ndiye anayefungua mlango, ndiye anayeanza kusema, na ndiye anayeteremka kwanza kwenye gari.

Nilipofika hospitali nilimkuta amesimama dirishani, ameshika kioo kama anataka kukibandua. Karani wa ndani, kijana mwenye uchovu wa watu wote waliompigia kelele tangu asubuhi, akanigeuzia skrini nisome mwenyewe.

MWANACHAMA HUYU TAYARI YUPO.

Maneno yale nayajua. Niliyaandika mimi. Nilitaka yawe ya adabu.

"Yupo wapi?" akauliza Shangazi Mkubwa.

"Ndiyo wewe hapo, mama," karani akasema. "Mfumo unasema ni wewe."

"Na huyu aliyekaa?"

Karani akatazama skrini, akatazama benchi. "Huyo naye... ni wewe."

Shangazi Mdogo akasema kutoka benchini, bila kuinua kichwa, "Basi yeye ndiye akatobolewe mkono leo. Mimi nimechoka kutobolewa."

Benchi zima likacheka. Mimi sikuweza. Alikuwa amevua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba, na mahali kidole chake kilipobonyeza palibaki shimo, kama kwenye unga uliokandwa. Alihema kama mtu aliyepanda mlima, ilhali amekaa.

Shangazi Mkubwa akasukuma kadi yake chini ya kioo. "Chukua hii. Sura ni moja, nani atajua?"

Karani akatazama pembeni, kama mtu aliyekuwa tayari asijue. Ila muuguzi aliyekuwa karibu akasikia. "Mama, haiwezekani. Ukiingia na hiyo, daktari atasoma maradhi yako, dawa zako, damu yako. Tutamwekea huyu mambo ya mtu mwingine. Mtamuua kwa huruma."

"Na nikifia humo," akasema Shangazi Mdogo, "atazikwa nani?"

Pale benchini alikuwa amekalia nafasi ya kijana mmoja mwenye plasta kuanzia pajani hadi unyayoni. Kijana alimpisha alipomwona anayumba, akabaki ameegemea ukuta na magongo yake. Naye alikuwa anasubiri upasuaji wa kuwekewa chuma mguuni, na naye ameambiwa tayari yupo.

"Pacha wangu ni dereva wa malori," akaniambia, akicheka kicheko kisicho na kitu ndani. "Sasa hivi yuko safarini. Kwa hiyo mimi hapa, ndugu yangu, naendesha lori."

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, lakini ilikuwa ya saruji. Daktari alimpa shangazi dawa za kupunguza maji mwilini, akanivuta kando. "Hizi ni za kumshikilia tu. Kesho lazima awe kwenye mashine. Kesho, umenielewa? Ukija keshokutwa sikuahidi kitu."

Nikampigia Dada Mashaka. Hakuuliza maswali. Akasema tu, "Ngoja nitazame," na kwa jinsi alivyosema nikajua analijua jibu.

Asubuhi yake nikawapeleka wote wawili ofisini. Lifti ilikuwa mbovu kama kawaida yake, tukampandisha Shangazi Mdogo ngazi kwa kumpumzisha, mimi huku, mwenzake kule. Mlinzi alituletea kiti kila tulipofika ghorofa. Huko juu watu walikuwa wanapuliza maputo. Uzinduzi ulikuwa siku inayofuata, waziri anakuja, na kengele ya baiskeli ilikuwa imevishwa utepe.

Dada Mashaka alikuwa ameshamaliza kutazama. Mapacha wote nchini, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, ambao wote wawili ni wanachama, walikuwa wamegandishwa. Kila jozi amebaki mmoja. Hakuniambia "nilikuuliza." Angeniambia ningepumua kidogo.

"Dawa ni moja," akasema. "Tuuzime mfumo leo, hospitali zirudie majalada ya zamani, turudishe kumbukumbu zilivyokuwa kabla ya kanuni, tuanze kutenganisha. Itachukua siku kadhaa."

"Na kesho?" akauliza Bwana Tarehe.

"Kesho haipo."

Bwana Tarehe akakaa juu ya boksi la maputo. Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. "Jamani," akasema polepole, "kuna wakubwa wanaousubiri mradi huu ufe tangu siku ya kwanza. Nikizima leo, wamepata pa kushika. Ukifa, tunarudi kwenye majalada ya kuliwa na panya, na huko wanakufa watu wengi zaidi, ila hatuwaoni." Akanigeukia. "Mimi nina ruhusa ya kumfungua mtu mmoja mmoja kwa mkono. Mfungue shangazi yako sasa hivi, aende zake hospitali. Wengine, kila atakayelalamika tutamfungulia."

Sikungoja aseme mara mbili. Nilikuwa nimeshakaa, nimeshamwita kwenye skrini. *Tenganisha mwanachama huyu?* Kidole changu kikawa juu ya kitufe.

"Subiri kwanza, baba," akasema Shangazi Mdogo. Ananiita baba tangu nikiwa na kaptula. "Na yule wa plasta?"

"Nani huyo, mama?" akauliza Bwana Tarehe.

"Aliyenipisha kiti."

"Naye atalalamika dirishani, tutamfungulia."

"Jana alilalamika. Nilikuwepo. Dirisha lilimwambia anaendesha lori."

"Basi afike hapa juu, mama. Mlango uko wazi."

"Kwa mguu upi?" akadakia Shangazi Mkubwa. "Sisi tumepandishwa na mpwa wetu. Yeye ana mpwa humu ndani?"

Ndoo ya kiyoyozi ikapokea tone lake.

Nikapiga magoti mbele ya kiti. "Shangazi, nakuomba. Daktari amesema leo. Tazama miguu yako. Kubali hili, ya wengine nitayapigania mimi, naapa."

"Wewe ndiye uliyetunga hiyo kanuni?"

"Ndiyo."

"Hukutukumbuka?"

Hapo ningeweza kusema uongo. Nina kipaji nacho. "Niliwakumbuka. Niliulizwa kuhusu mapacha, nikasema nyinyi ni mtu mmoja mwenye magauni mawili. Watu wakacheka, tukaendelea na kazi."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akasema Shangazi Mkubwa, akanitazama kwa jicho ambalo sijatazamwa nalo tangu nilipovunja kioo cha jirani.

Mwenzake alinyoosha mkono wake uliovimba, akanipapasa kichwani. "Magauni mawili, eeh? Langu lina kiraka, ungewaambia hivyo, wangeweza kututofautisha." Akahema, akapumzika, akahema tena. "Inuka. Kitoe hicho kidole."

"Shangazi, utakufa!"

"Ukizima, hospitali inarudia jalada. Kwenye jalada nimo."

"Kama watalipata! Litakuwa limefukiwa chini ya mengine huko, litatafutwa mpaka lini?"

"Ndiyo uanze kuzima mapema."

Bwana Tarehe akanisogeza pembeni, akachuchumaa naye mbele yake, puto moja jekundu limemganda kwenye suruali. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kweli. "Mama yangu, nisikilize. Sibishani na wewe. Hii ni ruhusa ya kipekee, sijawahi kuitoa. Tunakutoa wewe, dakika hii, gari langu liko chini linakusubiri. Hayo ya nchi tuachie sisi. Kubali tu, mama. Wewe peke yako."

Shangazi Mdogo akamtazama kama anayemhurumia. Nyuma yake dada yake alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya mabega yake. Na jibu alilotoa ndilo lililomfanya Bwana Tarehe ainuke, amwitikie Dada Mashaka kwa kichwa, na mfumo wa nchi nzima uzimwe asubuhi ile:

"Baba, hata tumboni mwa mama yangu sikukaa peke yangu. Ndiyo nije nianzie ofisini kwako?"