Mota Kwenye Tofali

"Umeitoa utumbo ukauweka nje, halafu unasema umeitengeneza!"

Babu Alfonsi alikuwa anafoka, na akifoka sauti yake inakwaruza kama debe linaburutwa. Shangazi Coleta naye yuko juu, eti lastiki niliyoigeuza mkanda ni ya sketi yake ya kanisani. Na mimi nikapandisha. Nikawaambia mota ya zamani ya mashine ya santuri imeungua, mafundi wa mjini wote wameikataa, sasa walitaka niiombee? Kidato cha nne nimemaliza, niko hapa Izia naangalia mawingu tu, waniache nijaribu.

Ila moyoni nilikuwa naogopa. Mashine ile ilikuwa haiguswi. Babu ana santuri moja tu, ya kwaya, na siku zote anasema sauti inayoongoza humo ni yake, enzi za ujana. Nani aamini, na koo lile? Bibi Fransiska ndiyo kabisa. Yeye kaolewa kutoka Chala wakati babu ameshaacha kuimba, basi anamwita "muongo wangu" mpaka mbele za wageni. Nikiiua mashine, nimeua na ushahidi.

Mota mpya niliitoa kwenye redio mbovu ya kaseti. Nikaifunga kwa waya juu ya tofali, pembeni, isigusane na mashine, lastiki tu ndiyo inaziunganisha. Maana inatetemeka, ukiibana mle ndani, sindano inaokota mngurumo badala ya wimbo. Nikamweleza babu hivyo. Akanijibu tofali ni la kujengea choo.

Nikaunga nyaya kwenye betri ya sola. Sahani ikazunguka. Nikashusha sindano.

Wakatoka vifaranga. Kweli tena, kwaya nzima kama vifaranga wanakimbizwa na mwewe. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, kumbe ulikuwa chiriku."

Babu hakucheka. "Punguza," akasema.

Nyuma ya mota kuna kitundu, ndani yake skrubu ndogo ya kurekebishia mwendo. Nikaingiza bisibisi, nikazungusha kidogo. Vifaranga wakawa wanawake. Babu akainamisha sikio, akaanza kuimba na lile koo lake bovu, taratibu, kama anamwonyesha mtu njia.

"Bado. Bado. Hapo."

Nikaacha.

Jamani. Ilitoka sauti ya mwanaume mmoja, pana, haina haraka, kwaya yote iko nyuma yake. Umeshafika pale mlima unapokatika juu ya bonde la Rukwa, ardhi inaisha ghafla mbele yako, unasimama tu? Ndivyo nilivyosimama. Na chini yake babu anakwaruza. Palepale kijana wa kwenye santuri alipovuta pumzi, na babu akavuta. Palepale. Shangazi mkono mdomoni.

Nikasogea hatua moja kuziba dirisha, maana upepo wa Juni ulikuwa unaingia. Sakafu ikatikisika, sindano ikaruka. Babu akaniinulia kidole, macho kayafumba.

"Mume mwenzangu," akaninong'oneza, "kamwite bibi yako kwa jirani. Mwambie muongo wake anaimba."

Nikatoka nanyata. Mlango wetu huwa upepo unaubamiza nyumba nzima inatikisika. Nikaushika kwa mikono miwili, nikaurudisha taratibu, mpaka komeo likakaa.