Filimbi Ndani ya Kifundo cha Kidole

Usiku wa jana niliota nimesimama ndani ya kifundo cha kidole changu mwenyewe, kidole cha shahada, mkono wa kulia. Hilo halikunishangaza. Nilishangaa kukuta mlango uko wazi, maana mimi nyumba yangu huwa nafunga.

Mimi ni msusi hapa Kahama. Tangu masika vidole vyangu vinaamka vimevimba na kukakamaa, na msusi asiye na vidole ni mteja tu. Daktari alisema ni baridi yabisi, kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Sikumwamini. Nani ajishambulie bila sababu? Mimi nilijua ni Nyamizi, msusi wa kibanda cha pili, aliyenishika mkono msibani akanipa pole ndefu kupita kiasi. Mume wangu Masunga alikwisha kupanga tukaonane na mganga.

Basi, ndani ya kifundo mna chumba kidogo. Kuta ni nyeupe, sakafu laini, inateleza. Katikati, juu ya kigoda, imekaa filimbi.

"Wewe nani?" nauliza.

"Protini ya kupeleka habari. Mimi ni sungusungu wa humu. Unamshuku nani?"

"Nyamizi."

"Inatosha."

Inajipuliza. Kwetu, sungusungu, wale walinzi wa kijiji, wakipuliza filimbi, asiyetoka ndiye anayehesabiwa mwizi. Kumbe humu nako ni hivyo hivyo. Filimbi ya pili inachomoza ukutani na kupuliza, kisha nyingine, na nyingine, kwa sababu hakuna inayotaka kushukiwa. Walinzi wanamiminika kutoka kwenye damu wakiwa na sululu. Chumba kinajaa maji na joto, sina pa kuweka mguu.

"Mwizi yuko wapi?" mlinzi mmoja anauliza.

"Hatujamwona," filimbi ya kwanza inasema. "Ndiyo maana tunapuliza."

"Ulimtafuta lakini?"

"Kazi yangu kuita. Kutafuta ni kazi yenu."

Jibu hilo linamridhisha. Anaanza kubandua sakafu amtafute mwizi chini yake. Mwenzake anachimba ukuta.

"Samahani, mama," ukuta unaniambia kwa adabu. "Mimi ni mfupa wako. Wakinimaliza hapa, sidhani kama nitajengeka tena."

Nawaambia waache, hii ni nyumba yangu. Wote wananigeukia.

"Umesikia filimbi na hukupuliza," mlinzi anasema.

"Sina filimbi."

"Wezi wote husema hivyo."

Hapo nikaogopa sana. Nageuka nikimbie, najikuta kibandani kwangu, kwenye kiti cha wateja. Walinzi wamekwisha kufika. Wanachungulia ndani ya chupa za mafuta ya nywele, wanafumua rasta moja moja wakimtafuta Nyamizi, na kila wanapopekua, kidole changu kinauma.

"Hayumo," nasema.

"Wewe ndiye uliyemtaja."

"Nilimtaja. Lakini hayumo, wala hajawahi kuwamo."

"Basi ni nani?"

Nawatazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kila mlinzi ana sura yangu, na kila mmoja ananitazama kwa jicho lile lile ninalomtazamia Nyamizi. Niliona aibu.

Filimbi ya kwanza inavuta pumzi. Naiziba tundu kwa ncha ya kidole gumba.

"Ukiniziba, mwizi akija kweli?" inauliza, sauti imebana.

"Atajulikana akija."

Filimbi ya pili inasikiliza, haisikii kitu, inanyamaza. Nyingine nazo zinanyamaza. Mlinzi anaitazama sululu yake, anauliza nani kampa. Maji yanaanza kupungua.

Nikaamka, kumekucha. Vidole vimekakamaa kama kila asubuhi, isipokuwa cha shahada, cha kulia. Hicho kilijikunja, kikajikunjua, kikajikunja tena, bila maumivu. Na kwenye ncha ya kidole gumba palikuwa na alama ya duara dogo, jekundu, imezama.

Masunga alikuwa mlangoni, amevaa viatu.

"Mke wangu, tunachelewa kwa mganga."

"Tunaenda hospitali," nikamwambia.

"Na Nyamizi je?"

Nikamwonyesha kidole gumba.

"Nimeangalia," nikasema. "Humu tuko wenyewe."